Haki ya mgonjwa kugeuzwa

Je, kukosa mashine ya kupumulia kunatuondolea wajibu kwa mgonjwa? Hapa Lubumbashi, mji wa shaba, nasema hapana. Utafiti wa PROSEVA wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kuwalaza kifudifudi, saa 16 au zaidi mfululizo, wagonjwa wenye mapafu yaliyojeruhiwa vibaya kulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 33 hadi 16. Mtu atapinga: wale walikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Kweli, na mikono inayomgeuza mgonjwa haizalishi oksijeni. Lakini angalau tangu mwaka 2000 tunajua kuwa mashine nayo hujeruhi mapafu ikisukuma hewa kupita kiasi, na wakati wa Covid kulala kifudifudi kuliwasaidia hata baadhi ya waliopumua wenyewe kwa oksijeni. Uangalifu, basi, ni tiba. Oksijeni tuidai kwenye mapato ya migodi. Kumgeuza mgonjwa tunadaiwa sisi, leo.