Mbunge Aliyemshtaki Mungu

Je, kodi ya asiyeamini imlipe mchungaji anayeliombea bunge? Ernie Chambers, aliyechaguliwa mwaka 1970 na wakazi wa kaskazini mwa Omaha kuingia bunge la jimbo la Nebraska, alisema hapana, akaenda mahakamani.

Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa kura 6 dhidi ya 3. Sala hizo, ilisema, ni desturi ya tangu Bunge la kwanza la taifa. Hoja dhaifu: utumwa nao ulikuwa desturi.

Mwaka 2007 akamshtaki Mungu mwenyewe, kuonyesha kwamba mahakama ni ya kila mtu. Jaji akaitupa kesi. Mshtakiwa hana anwani ya kupelekewa hati!

Ukomo wa mihula ulimtoa bungeni mwaka 2009. Wapiga kura wakamrudisha 2012.