Je, Kutamani Ndiko Kupenda?



Alinijia kijana mmoja hapa Babati, ambaye nalimfungisha ndoa mwenyewe. Jina lake nalificha. Zamani za uchumba wake baba wa binti aliikataa posa mara mbili, na kijana huyu hakula wala hakulala, akawa akija kwangu usiku akilia. Mwisho akapewa. Sasa, mwaka wa pili wa ndoa, akaniambia, "Baba Mchungaji, mke wangu hana kosa lo lote. Lakini moyo wangu umenyamaza. Labda sikumpenda kamwe." Saa ile sikuwa na jawabu. Nikamwambia arudi baada ya juma moja, nami nikakaa na swali lake: je, kutamani ndiko kupenda?

Uko mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao Into the Woods, ulioonyeshwa mjini New York mwaka 1987. Nyimbo zake alizitunga Stephen Sondheim, na maneno ya hadithi James Lapine. Ndani yake wamo ndugu wawili, wana wa mfalme. Mmoja anamtafuta binti amkimbiaye kila usiku wa ngoma. Wa pili anamtamani binti aliyefungwa katika mnara usio na mlango. Wanaimba wakishindana ni nani aumiaye zaidi. Baadaye wote wawili wanawaoa wale mabinti. Je, wanatulia? La! Sehemu ya pili tunawaona wakiugua tena, mmoja kwa ajili ya binti alalaye nyuma ya miiba, na mwingine kwa binti aliyelazwa katika jeneza la kioo. Watu hucheka, na ni haki wacheke. Walakini mwenye kucheka na ajitazame.

Maana habari hii si ngeni. Amnoni, mwana wa mfalme Daudi, alimtamani Tamari hata akakonda, kwa kuwa hakuona njia ya kumpata. Alipompata kwa hila na kwa nguvu, chuki yake ikapita mapenzi yake ya kwanza, akaagiza afukuzwe na mlango ufungwe nyuma yake. Kijana wangu hakumdhulumu mtu, wala simfananishi naye. Nasema hili tu: ukali wa tamaa si ushuhuda wa upendo.

Nasi Waswahili tunayo hadithi ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapisha katika kitabu chake mwaka 1870. Maskini achakuraye jaani apate punje za mtama anamnunua paa, na paa yule kwa akili zake anampatia binti wa sultani, nyumba, na mali. Kisha paa anaugua, na bwana wake anaamuru apewe uji wa mtama mwekundu tu. Mke analia na kumsihi, mume hasikii. Paa anakufa, na yule bwana anajikuta tena jaani, akichakura kama kwanza. Alijua kupata, hakujua kutunza.

Mwenye hekima Plato, katika kitabu chake kiitwacho Karamu, anasimulia jinsi Socrates alivyofundisha kwamba mtu hutamani kile asichonacho. Kama ni hivyo tu, basi kila arusi ni maziko ya mapenzi. Lakini Socrates aliongeza neno: mwenye afya akisema, "Natamani afya," maana yake ataka kuwa nayo na siku zijazo pia. Neno hili latufaa. Mke uliye naye leo, ni nani aliyekupa kesho yake? Tena, mtu si mbuzi, hata ukimfunga zizini useme umekwisha kumpata. Moyo wa mwenzako u mbali kuliko mnara wo wote, nao haufunguliwi kwa mahari.

Wengine watasema: basi, tamaa na izimwe kabisa. Sikubali. Yakobo alimtamani Raheli, akatumika miaka saba, na kisha saba mingine, akichunga kondoo juani na katika baridi. Tamaa yake ilikuwa na mikono. Wale wana wa mfalme wanaimba uchungu wao wenyewe. Ni wapi walipouliza uchungu wa mabinti?

Kijana aliporudi, nalimwuliza neno moja: "Mkeo huogopa nini?" Akafikiri sana, akasema, "Sijui." Nikamwambia, "Basi hujampata bado. Nenda ukamwulize."

Nanyi wazazi, nawaonya: msimjengee binti mnara kwa mahari nzito, mkidhani kwamba mwenye kuteseka sana atapenda sana. Huenda mkamfundisha kuupenda mnara. Nanyi vijana, kabla ya kuapa, jiulizeni kama mwamtaka mtu huyu, au mwataka kumshinda aliyewakataza.

Majuma matatu yakapita, yule kijana akaja tena. Hakusema kwamba moyo wake umeanza kuimba. Alisema tu kwamba mkewe huogopa maji ya ziwa letu, kwa sababu ndugu yake alizama humo, naye muda wote huo alikuwa akimtuma kuteka maji kule bila kujua. Sasa huenda mwenyewe. Nikamwambia aendelee kuuliza.