Kisima Changu na Hesabu za Vifo

Kwa miaka kumi na miwili niliuza maji Tandale. Kisima changu kilikuwa kifupi, na choo cha shimo cha jirani kilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka hapo. Bomba la mtaa likikauka, na lilikauka mara nyingi, watu walipanga madumu tangu alfajiri. Sikumlazimisha mtu. Wala sikumwambia mtu kuwa maji yale ni ya kunywa, ingawa nilijua fika kwamba yalikuwa yakinywewa.

Mwaka 1998, wakati nchi bado inahangaika na kipindupindu kilicholipuka mwaka uliotangulia, mtoto wa mpangaji mmoja mtaani kwetu alifariki kwa kuharisha. Mama yake alikuwa mteja wangu. Lakini alinunua pia kwa wenye mikokoteni, na siku za mvua alikinga ya paa. Ni maji yapi basi yaliyomwua? Pengine hata si maji. Pengine nzi au kiporo. Hakuna aliyeniuliza.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma hesabu za wataalamu wa vifo, nadhani nikitafuta hukumu. Sikuipata. Sensa ya 1988 ilitupa wastani wa miaka 50 ya kuishi, ya 2002 miaka 51. Ukizitazama namba hizo tu, utasema visima na mabomba yote ya kipindi kile hayakufaa kitu. Kumbe UKIMWI ulikuwa ukipokonya kwa mkono mwingine. Ya 2012 ilifika 62, na hapo dawa za kufubaza virusi, vyandarua na chanjo vyote vinadai sifa. Tena mwenye bomba ndani aghalabu ana sakafu ya saruji na nauli ya kwenda hospitali. Usipoviondoa hivyo katika hesabu, bomba litapewa sifa ya fedha. Mwaka 2005 Wamarekani wawili, David Cutler na Grant Miller, walikadiria kuwa kusafisha maji kulileta karibu nusu ya upungufu wa vifo katika miji mikubwa ya kwao mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine wakarudia hesabu, wakapata sehemu ndogo zaidi.

Basi nikajificha humo. Ikiwa mabingwa hawaelewani, mimi ni nani nijihukumu?

Lakini hoja hiyo ni mbovu, msomaji. Wao walibishana juu ya kiasi tu. Katika maelfu ya madumu niliyouza, kutojua ni dumu lipi lililodhuru hakulifanyi liwe halipo. Wala kufunga kisima kusingenitakasa: maji yakiwa haba watu hawanawi mikono, na hilo nalo huua. Nililoweza ni kusema, “Chemsheni.” Sikusema, kwa kuogopa kwamba wateja wangehamia kwa jirani.

Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka tena Kinondoni, nilikutana na mama yule kituo cha daladala. Aliniamkia, “Shikamoo, baba,” akanishukuru kwamba mwaka ule wa shida sikupandisha bei ya dumu kama wenzangu.

Nikamjibu, “Marahaba.” Daladala likaja, akapanda.