Je, Mali Huletwa na Bahati au na Juhudi?

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kuliona jambo hili. Watu wawili huchimba mahali pamoja, kwa sululu za namna moja, tangu alfajiri hata jua kuchwa. Mmoja hutoka na dhahabu, na mwenziwe hutoka na vumbi. Kisha aliyepata husifiwa kuwa hodari, na aliyekosa hudhaniwa kuwa mvivu au amerogwa. Je, hukumu hii ni ya haki?

Tutazame habari ya Mwadui, Shinyanga. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alitafuta almasi katika Tanganyika kwa miaka kadhaa kabla ya kuipata Mwadui mwaka 1940. Hapana shaka elimu na subira yake vilikuwa vya kweli, maana asiyejua mawe angeipita almasi bila kuitambua. Lakini mwamba ule, wenye eneo la hekta 146 hivi, hakuuweka yeye. Almasi huumbika chini sana ardhini, zaidi ya kilomita 150, na milipuko ya volkano za kale ndiyo iliyoipandisha juu. Mwaka 1947 ikapatikana huko almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, iwe zawadi ya arusi. Je, ni juhudi ya nani iliyoipaka rangi ile?

Wala jambo hili si la machimbo peke yake. Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Microsoft mwaka 1975, alisoma katika shule ya Seattle, Marekani, ambayo ilipata njia ya kutumia kompyuta mwaka 1968, wakati shule chache sana duniani zilikuwa nayo. Alijitahidi kweli, lakini mlango alioupitia alifunguliwa na wengine.

Basi juhudi ni wajibu wa mtu, na matokeo yana sehemu isiyo mikononi mwake. Asiyeikubali sehemu hiyo huingiwa na kiburi. Qurani Tukufu inasimulia habari za Karuni, aliyedai kuwa utajiri wake umetokana na elimu yake mwenyewe. Ardhi ikammeza pamoja na nyumba yake.

Lakini liko kosa la kutisha zaidi: kuikubali bahati, kisha kutaka kuinunua. Shinyanga, Geita na Mwanza, hasa tangu mwaka 2007, watu wenye ualbino waliuawa kwa sababu waganga waliwadanganya watafuta mali, wachimbaji na wavuvi miongoni mwao, kwamba viungo vya wanadamu hao huvuta utajiri. Dhahabu ya Geita ilikuwa mahali pake kabla hajazaliwa mganga yeyote. Damu ya mtoto haiwezi kuongeza hata chembe moja ndani ya mwamba.

Kwa hiyo, ndugu, ukipata, mshukuru Mwenyezi Mungu, uwape haki yao waliochimba pamoja nawe, wala usimdharau aliyekosa. Ukikosa, usimtafute mchawi. Itazame tena kazi yako, kisha omba. Na mtu akikuahidi bahati kwa uhai wa mwingine, usinyamaze: mshtaki, kabla hajampata mteja mwingine. Riziki iliyopatikana kwa damu si bahati, bali ni hasara iliyovaa nguo ya faida.