Rangi ya Mnofu na Hukumu ya Ulimi
Trauti, samaki wa maji baridi aliyepandikizwa katika mito ya Aberdare nchini Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, huwa na mnofu mweupe au wa waridi kutegemea zaidi chakula chake, kwani astaksanthini, yaani kiini cha rangi kilichomo katika viumbe wa maji wa jamii ya kamba, haitengenezwi na mwili wake. Mfugaji akiichanganya na chakula cha bwawani, mnofu hugeuka waridi, ilhali ladha, ambayo hutegemea zaidi mafuta, maji na ubichi wa samaki, hubadilika kidogo mno. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliziweka rangi na ladha zote mbili miongoni mwa sifa za daraja la pili, yaani zile ambazo ndani ya kitu ni uwezo tu wa kuamsha hisi. Lakini moja haithibitishi nyingine; hivyo mlaji anayemsifu trauti wa waridi kabla hajamwonja (na wengi hufanya hivyo) hulifanya jicho kuwa shahidi wa ulimi.