Aliyeshauri, Je, Ana Hatia?

Soma 1 Wafalme 12:1–16 na Danieli 6:1–24.

Nchi ya Uzaramo haikuwa na mfalme mmoja. Kila upande ulikuwa na pazi wake, na pazi naye hakuamua peke yake. Richard Burton, Mwingereza aliyepita nchi hiyo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba pazi alikuwa na mshauri wake mkuu, aliyeitwa mwene goha, na chini yake wazee wa madaraja mbalimbali. Kwa hiyo msomaji wa Maneromango anapokuta Rehoboamu akiwauliza wazee waliomtumikia baba yake, hakuti jambo geni. Hata leo wazee huulizwa kabla ya posa kujibiwa na kabla ya shamba la marehemu kugawanywa.

Katika kisa cha Rehoboamu lipo swali ambalo madarasa mengi hulipita. Mfalme analaumiwa, na ndivyo ipasavyo. Lakini wale vijana waliokua pamoja naye, waliomwambia aongeze uzito wa kongwa, wako wapi? Makabila kumi yaliondoka. Adoramu, msimamizi wa shokoa, alipigwa mawe akafa, wala haisemwi kama aliulizwa neno lolote. Vijana wale hawatajwi tena. Je, walitoka na mikono safi?

Wapo wanaojibu ndiyo. Shauri si amri, wanasema. Mfalme alisikia mashauri mawili, akachagua moja. Utetezi huu usitupwe haraka. Kama kila mshauri angeadhibiwa kwa kila shauri lililoharibika, hakuna ambaye angethubutu kufungua kinywa, au wangebaki wale tu wasemao analotaka mkubwa kusikia. Mtu aweza kushauri kwa moyo mweupe na bado akakosea.

Lakini utetezi huo unamhitaji mfalme awezaye kukataa. Tarehe 10 Machi 1900, Buganda ilipofanya mapatano na Uingereza, Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Waliotenda kwa niaba yake walikuwa walezi watatu wa kiti, Apolo Kagwa akiwa mmojawapo, pamoja na machifu wakubwa. Baraza la Kabaka, yaani Lukiiko, lilipangiwa wajumbe 89, kazi yake ikiwa kujadili mambo ya nchi na kupeleka maazimio kwa Kabaka. Mapatano hayohayo yalitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wenye ardhi wapatao 1,000, na Lukiiko ndilo lililopewa kazi ya kuamua nani apate nini. Machifu waliokaa barazani wakajikuta wanagawa na wanagawiwa. Mkulima aliyekuwa akilima hapo tangu babu yake akawa mpangaji, na koo nyingine zikaona makaburi ya wazee wao yamo katika ardhi ya mtu mwingine. Malalamiko ya koo yalipamba moto miaka ya 1920, na mwaka 1928 ikawa lazima sheria iweke mpaka wa kodi ambayo mwenye ardhi angeweza kumtoza mpangaji. Katika ugawaji ule, nani angethubutu kusema kwamba baraza lilishauri tu?

Dario hakuwa mtoto. Alikuwa na uwezo wote wa kukataa, ila hakuambiwa yote. Waliokuja kwake walidai kwamba mawaziri wote wamefanya shauri pamoja, na Danieli, mmoja wa mawaziri watatu, hakuwamo. Neno “wote” lilikuwa uongo, na juu ya uongo huo mfalme akatia muhuri. Alihangaika mpaka jua kuchwa akitafuta namna ya kumwokoa Danieli, asiipate. Ametia muhuri yeye, lakini kesho yake waliotupwa tunduni ni wale waliomletea shauri. (Kwamba wake na watoto wao walitupwa pamoja nao ni hukumu ya Dario, Biblia haisemi Mungu aliiagiza.)

Katika Kanisa la Waadventista, baraza la kanisa halimwondoi mshiriki ushirikani. Hupendekeza, washiriki katika mkutano wao rasmi ndio wapigao kura. Utaratibu huu ni mzuri. Lakini kwa kawaida mkutano husikia sentensi mbili tatu kutoka kwa karani, mikono inainuka, na mzee wa baraza aenda nyumbani akisema kanisa limeamua.

Kwa kujadili: Mjumbe wa baraza alijua jambo ambalo lingemtetea ndugu aliyeshtakiwa. Alinyamaza, kwa sababu mshtaki ni shemeji yake. Pendekezo likapita barazani, kisha kanisani. Jumapili anakutana na ndugu huyo njiani kuelekea shambani. Amwambie nini? Na Sabato inayofuata, aliambie nini kanisa?