Siri za Nyumba na Haki ya Kuzisimulia: Mfano wa Kumbukumbu za Glikl

Je, mwandishi ana haki gani ya kuyaanika maisha ya jamaa zake? Aghalabu wahakiki wa tawasifu hulijibu swali hili kwa haraka: madhali lililosimuliwa ni la kweli, mwandishi hana lawama. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Ukweli wa jambo peke yake haumpi mtu idhini ya kulisema. Linalostahili kuzingatiwa ni nani anayeambiwa, na kwa ajili gani. Tutalichunguza suala hili kwa kuziangalia kumbukumbu za Glikl, mwanamke wa Kiyahudi aliyezaliwa Hamburg mnamo 1646.

Glikl aliozwa akiwa na umri wa miaka ipatayo 14. Yeye na mumewe, Chaim wa Hameln, walifanya biashara ya dhahabu, lulu na vito, na watoto wao 12 walifikia utu uzima. Chaim alifariki mwaka 1689. Mwaka 1691 mjane huyo alianza kuandika kwa Kiyidi, lugha ya nyumbani na sokoni ya Wayahudi wa eneo hilo, ili apunguze huzuni ya usiku asiopata usingizi, na ili watoto wake wajue wametokana na watu gani. Kazi hiyo, yenye vitabu saba, aliifikisha mwisho mwaka 1719, miaka mitano kabla ya kufariki katika mji wa Metz.

Ndani ya kumbukumbu hizi mna mambo ambayo familia nyingi zingeyafukia. Leib, mwanawe, alifungua biashara Berlin, biashara ikaanguka, na mama akalazimika kubeba sehemu ya madeni. Leib alifariki angali kijana. Hakupata nafasi ya kujitetea katika kurasa hizo, na jina lake limebaki humo pamoja na aibu yake.

Hapa ndipo dini ya mwandishi mwenyewe inapoleta pingamizi. Mafundisho ya Kiyahudi hukataza kile kiitwacho kwa Kiebrania lashon hara, yaani ulimi mbaya, na katazo hilo halihusu uongo tu. Rabi Israel Meir Kagan, aliyelifafanua kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 1873, alishikilia kwamba hata neno la kweli ni haramu likimwumbua mtu. Msomaji wa Kiswahili hatalishangaa jambo hili, kwani Uislamu nao hupambanua baina ya kusengenya na kuzua: msengenyaji husema kweli, na kweli hiyo haimwokoi. Hata hivyo, Kagan aliacha mlango mmoja wazi. Neno laweza kusemwa kwa ajili ya manufaa, mradi msemaji ana hakika, hatii chumvi, na nia yake ni safi.

Je, Glikl anaingia katika mlango huo? Tunaona kwamba anaingia, kwa sababu mbili.

Kwanza, wasomaji aliowakusudia walikuwa wameshayajua makosa hayo. Ndugu zake Leib hawakuhitaji kitabu ili wafahamu kwamba alifilisika. Walichohitaji kuambiwa ni kwamba mama yao, pamoja na hasara yote, alimhesabu kuwa kijana mwenye moyo mwema na huruma kwa maskini. Simulizi hii basi haikufichua siri. Iliifasiri aibu iliyokwisha kujulikana. Pili, mwandishi hakujisaza. Mwaka 1700 aliolewa tena huko Metz, akitumaini kutowalemea watoto wake uzeeni. Mume huyo wa pili alifilisika mwaka 1702, na mali ya Glikl ikapotea pamoja naye. Yote haya anayaandika, pamoja na majuto yake. Aliyejiweka katika mizani ileile anayowapimia wengine ana haki ambayo msengenyaji hana.

Hoja hii inaungwa mkono na ngano anayoisimulia mapema katika kitabu cha kwanza. Ndege mmoja aliwavusha makinda wake watatu baharini, mmoja baada ya mwingine, akimwuliza kila mmoja kama atamtunza uzeeni. Wawili waliahidi, naye akawatosa kwa kuwaona waongo. Wa tatu alisema hawezi kuahidi hivyo, ila atawatendea makinda wake kama alivyotendewa. Huyo alifikishwa ng'ambo. Kwa mujibu wa ngano hii, deni la mzazi hulipwa kwa wajao. Nayo simulizi ya familia ni malipo ya namna hiyo.

Hapa twaweza kumkumbuka Mwana Kupona, mjane mwingine, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Naye alimkusudia mtoto wake kwanza. Lakini fani ya wasia humruhusu mama kufundisha bila kuziweka hadharani hesabu za nyumba yake, ilhali fani ya kumbukumbu haimpi stara hiyo. Ndiyo maana swali letu linamwelemea zaidi Glikl.

Lipo tatizo moja ambalo mwandishi hakuweza kulizuia. Muswada uliohifadhiwa na jamaa zake ulichapishwa na David Kaufmann mwaka 1896, na tangu hapo umetafsiriwa na kuchunguzwa na wageni, sisi tukiwamo. Sisi hatukumjua Leib. Tunaanza na deni lake, na tusipoangalia, tunaishia hapo, kama wafanyavyo wanaokichukulia kitabu hiki kuwa daftari la biashara ya karne ya 17 tu. Tukiyachukua makosa na kuyaacha mapenzi yaliyoyazunguka, tutakuwa tumekigeuza kisomo kuwa usengenyaji, nalo kosa hilo litakuwa letu, si la Glikl. Mhakiki wa tawasifu hana budi kuuliza, kabla ya kunukuu aibu ya mtu, iwapo amenukuu pia sababu iliyomfanya mama aiandike.